Miisho miwili ya Pip: jibu kwa mama aliyesoma na mwanawe

Swali: "Shikamoo mwalimu. Likizo hii mimi na mwanangu wa kidato cha tano tumesoma pamoja Great Expectations ya Charles Dickens, yeye kwenye nakala kuukuu aliyoazima, mimi kwenye simu. Tulipofika mwisho tukabishana mpaka usiku. Kwangu, Pip, anayesimulia hadithi, na Estella, msichana anayempenda tangu utotoni, wanatoka kwenye magofu ya bustani wameshikana mikono. Kwake, wanakutana barabarani London, wanapeana mkono na kila mtu anakwenda zake. Tukadhani mmoja wetu ana kitabu bandia. Mwanangu amesoma mahali kwamba mwisho wangu ni wa uongo, mchapishaji alimlazimisha Dickens aubadilishe ili kitabu kiuzike. Anasema pia kuwa haya ni maisha ya Dickens mwenyewe, kwa hiyo mwisho wa kweli ni ule uliompata. Upi ni wa kweli? Lipo na jingine linaloniuma. Mwanangu anamchukia Pip kwa jinsi alivyomwonea aibu Joe, shemeji yake mhunzi aliyemlea, anasema hastahili mwisho mwema wowote. Mimi nilipokuwa msichana nilimfanyia hivyo hivyo bibi aliyenilea. Bibi yu hai, yuko Same. Nimeshindwa kumjibu mtoto."

Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kukutoa wasiwasi: hakuna aliyepewa kitabu bandia. Miisho yote miwili imetoka kwenye kalamu ya Dickens, na yote aliiandika mwaka 1861. Wa mwanao ndio ulioandikwa kwanza, wako ndio uliochapishwa kwanza, na hapo ndipo wasomaji wengi hukwama.

Ilikuwa hivi. Riwaya hii haikutoka ikiwa kitabu kizima. Ilitoka kipande kwa kipande katika All the Year Round, jarida la kila wiki, kuanzia tarehe 1 Desemba 1860 hadi 3 Agosti 1861. Dickens alimaliza kuandika mwezi Juni, wasomaji wakiwa bado wiki kadhaa nyuma yake. Mwisho alioufikia ni huo wa mwanao, na ulikwisha kupangwa chapa. Kisha akampa prufu, yaani kurasa za chapa ya majaribio, rafiki yake Edward Bulwer-Lytton, mwandishi wa riwaya aliyekuwa na jina kubwa wakati ule. Huyo akamsihi asiwaache Pip na Estella namna ile. Dickens akakaa akaandika upya, akamwambia rafiki yake mwingine, John Forster, kwamba ameweka kipande kizuri kadiri alivyoweza, na hana shaka hadithi itapokelewa vizuri zaidi kwa mabadiliko hayo. Mwisho wa kwanza ukawekwa kando.

Forster hakuutupa. Alipotoa juzuu ya tatu ya wasifu wa Dickens mwaka 1874, miaka minne baada ya mwandishi kufa, aliuchapa humo. Maana yake ni kwamba kwa miaka 13 ulimwengu ulijua mwisho wako tu. Baadaye wakatokea wahariri walioupenda ule wa kwanza kiasi cha kuurudisha mahali pake. Toleo moja la mwaka 1937, lenye utangulizi wa George Bernard Shaw, lilifanya hivyo. Nakala aliyoazima mwanao itakuwa ya ukoo huo. Mwambie afungue kurasa za mwanzo atazame mwaka na nani kaandika utangulizi. Matoleo mengi ya siku hizi yana mwisho wako mahali pake na wa mwanao nyuma kabisa kama kiambatisho. Matini za kwenye simu mara nyingi hukiacha kiambatisho hicho, ndiyo maana hukukiona.

Hili la mchapishaji kumlazimisha, mwanao alisahihishe. All the Year Round lilikuwa jarida la Dickens mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa mhariri wake na mmiliki wake mkuu, na kwa umaarufu aliokuwa nao mwaka 1861 hapakuwa na mtu wa kumwamuru afute sura. Aliyemshawishi alikuwa mwandishi mwenzake, ambaye riwaya yake ndiyo ingefuata katika jarida hilo hilo.

Lakini ndani ya uvumi huo kuna chembe ya kweli, na nisingependa uitupe. Biashara iliigusa riwaya hii, ila iliigusa mwanzoni. Dickens alikuwa amewaza kuiandika taratibu, vipande 20 vya kila mwezi. Hadithi ya Charles Lever iliyokuwa ikitoka katika jarida lake haikuwapendeza wasomaji, mauzo yakaanza kushuka, naye akaona hana budi kuingia uwanjani mwenyewe. Ndiyo sababu kitabu hiki ni kifupi kuliko vingine vyake vikubwa, na kila sura ina mvuto wa kumfanya mtu asubiri wiki ijayo. Ukweli mwingine ni kwamba aliwajali wasomaji wake. Kuwajali si sawa na kulazimishwa.

Sasa tuitazame hiyo miisho yenyewe, maana nina hakika mmebishana juu ya kitu ambacho hamkukisoma hadi neno la mwisho. Si kosa lenu, kinasomwa hivyo kila mahali.

Mwisho wako unaitwa wa furaha. Rudi uusome polepole. Estella anamwambia Pip kwamba wataendelea kuwa marafiki wakiwa mbalimbali. Pip anamshika mkono, wanatoka magofuni, ukungu wa jioni unapanda, naye anasema hakuona kivuli cha kuagana naye tena. Hakuna ndoa. Hakuna ahadi. Kuna mtu anayesema yeye hakuona kivuli, jioni, katika ukungu. Na sentensi hiyo Dickens aliifinyanga mara kadhaa. Katika mswada, Pip anasema hakuona kivuli cha kuagana isipokuwa kuagana kumoja, yaani kifo. Dickens akayafuta maneno hayo ya mwisho kabla ya kuchapa. Kwenye matoleo ya baadaye akaupindua tena mpangilio wa maneno. Mwandishi aliyetaka kusema tu "wakaoana wakaishi raha mustarehe" asingehangaika kiasi hicho.

Wa mwanao unaitwa wa huzuni. Huo nao ausome tena. Estella amekwisha kuachwa mjane na mume wake wa kwanza, mtu mkatili, akaolewa tena na daktari. Anapita Piccadilly, barabara ya London, na gari dogo la farasi, anamwona Pip akitembea na mtoto mdogo, anatuma mtumishi amwite. Anaomba ambusu yule mtoto. Wanaachana. Lakini Pip anaondoka na hakika moja: kwamba mateso yamekuwa na nguvu kuliko mafunzo ya Miss Havisham, mama aliyemlea Estella, na yamempa Estella moyo wa kuelewa moyo wake yeye ulikuwaje zamani. Kwa mtu aliyependa miaka yote ile bila kueleweka, hilo si dogo.

Ukiniuliza nauegemea upi, nitakujibu bila kuzunguka. Kwa ukweli wa tabia za watu hawa, naegemea wa mwanao. Forster naye aliona kwamba ndio unaolandana zaidi na mwendo wa hadithi. Kwa uandishi, wako una kitu ambacho ule hauna. Ukungu unaopanda jioni ile unaurudia ukungu uliopanda asubuhi Pip alipoondoka kijijini mara ya kwanza, mwisho wa sura ya 19, na Dickens analitaja hilo waziwazi. Msomaji anarudishwa pale pale alipoanzia safari, ikiwa jioni sasa. Anayeusifu mmoja si lazima aubeze mwingine.

Kuhusu maisha ya Dickens, mwanao ana nusu ya ukweli. Pip ni yatima aliyelelewa na dada yake mkali na shemeji yake mhunzi. Dickens alizaliwa Portsmouth mwaka 1812, akakua na baba na mama, baba akiwa karani wa ofisi ya mishahara ya jeshi la majini. Dickens hakupata mfadhili wa siri kama Pip, na hakuna Estella aliyeachana naye barabarani. Riwaya iliyo karibu zaidi na maisha yake ni David Copperfield ya 1849 na 1850. Kabla ya kuanza Great Expectations aliisoma hiyo upya ili asije akajirudia bila kujua, na alimwambia Forster kwamba ilimgusa kuliko mtu angeweza kuamini.

Alichotoa kwake ni mahali na aibu. Mahali ni kusini mashariki mwa Uingereza, kando ya mto Medway, ambako aliishi utotoni Chatham na ambako alikuwa amehamia tena, katika nyumba ya Gad's Hill, alipokuwa akiandika. Kule Cooling, kijiji cha eneo hilo, kuna makaburi madogo ya watoto, yamepangwa mstari karibu na kanisa. Ni 13. Katika riwaya aliyapunguza yakawa matano, ndugu zake Pip, pengine kwa kuona kwamba idadi ya kweli isingesadikika kitabuni.

Aibu ni hii. Februari 1824, Charles akiwa na miaka 12, baba yake alifungwa kwa deni katika gereza la Marshalsea. Mtoto alikuwa amekwisha kupelekwa kwenye kiwanda cha dawa ya viatu kando ya Thames, akibandika karatasi za majina kwenye vikopo, kwa shilingi sita hivi kwa wiki. Hakupigwa wala hakufa njaa. Kilichomkata maini ni kuonekana. Alipokuwa mtu mzima, tajiri na maarufu, alimsimulia Forster peke yake. Watoto wake waliyajua hayo wakati Forster alipoyachapa, Dickens akiwa kaburini. Na katika maandishi aliyompa Forster kuna jambo zito: baba alipotaka kumtoa kiwandani, mama alitaka arudishwe, na Dickens akaandika kwamba hilo hakulisahau, hatalisahau, hawezi kulisahau.

Basi mwandishi huyu alijua vizuri jinsi mtu anavyoficha alikotoka. Na alijua, kwa nafsi yake, jinsi mtu anavyoshindwa kusamehe. Hapo ndipo ninapoona umuhimu wa Joe, na hapo ndipo penye jibu la mwanao.

Mwanao anamchukia Pip. Vema, hiyo ni dalili kwamba amesoma vizuri. Ila umuulize: nani alimwambia kwamba Pip alimwonea aibu Joe? Joe hakusema. Hata siku ile anapokuja London, sura ya 27, kofia inamwanguka kila mara, anamwita kijana aliyemlea "bwana", halafu anaondoka kwa heshima bila kulaumu. Aliyetuambia ni Pip mwenyewe, Pip mtu mzima anayesimulia miaka mingi baadaye. Yeye ndiye anayekiri kwamba kama pesa ingeweza kumzuia Joe asije, angelipa. Riwaya hii ina akina Pip wawili katika nafsi moja: kijana anayetenda, na mtu mzima anayetazama nyuma bila kujionea huruma. Hasira ya mwanao ni hasira ambayo msimulizi amemkabidhi kwa mikono yake. Kijana asiyebadilika asingeweza kuisimulia hadithi hii.

Na hilo la "hastahili" litazame kwa hesabu. Neno la pili katika jina la riwaya, kwa Kiingereza cha enzi hiyo, lilimaanisha pia mali ambayo mtu anatarajia kuachiwa. Mali yenyewe, ambayo Pip alikuwa akipewa kwa siri, ilitoka kwa Magwitch, mfungwa aliyepelekwa New South Wales, Australia, maisha yake yote na kukatazwa kurudi. Aliporudi kumwona Pip alikuwa ameiweka shingo yake kitanzini, na sheria ilisema mali ya aliyehukumiwa inachukuliwa na Taji, yaani serikali ya Uingereza. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1870, mwaka aliokufa Dickens. Kwa hiyo hadithi inapokaribia kuisha Pip hana senti, ni mgonjwa mahututi, na ana deni la pauni 123, shilingi 15 na peni sita. Anapopata nafuu anaona mkono unaomnywesha maji ni wa Joe. Kisha asubuhi moja anaamka, Joe ameondoka kimya, ameacha barua fupi ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Ndani ya barua kuna risiti ya lile deni. Joe amelilipa, yeye mhunzi.

Pip anarudi kijijini na kuomba msamaha kwa mdomo wake. Anamkuta Joe ndiyo kwanza amemwoa Biddy, rafiki wa Pip tangu utotoni, yule Biddy ambaye Pip mwenyewe alikuwa amekuja na nia ya kumposa. Anawabariki, kisha anakwenda kufanya kazi ya karani Misri, katika kampuni ambayo nafasi yake ilitokana na jambo jema alilomtendea rafiki yake Herbert kwa siri. Analipa madeni yake. Mwanao anataka aadhibiwe vipi zaidi?

Nikwambie kwa nini naamini ugomvi juu ya Estella unatupitisha mbali na moyo wa kitabu. Kukomaa kwa Pip kunakamilika mbele ya Joe, sura ya 57 na ya 58, na Dickens alipobadilisha mwisho hakuzigusa sura hizo. Zaidi ya hapo, yule mtoto ambaye Estella anamwona Piccadilly, akidhani ni wa Pip, ni mtoto wa Joe na Biddy, nao wamempa jina la Pip. Katika mwisho wako, sura ya 59, mtoto yule yule ameketi kwenye kigoda cha Pip karibu na moto, na kesho yake Pip anampeleka makaburini na kumkalisha juu ya jiwe la kaburi, pale pale alipokalishwa yeye na Magwitch hadithi ilipoanza. Mlibishana Pip kashika mkono wa nani. Katika miisho yote miwili amekwisha kushika mkono wa mtoto wa Joe.

Na lile neno "kuagana" linalofunga mwisho wako limetoka mbali. Joe alilisema siku ile ya kofia, akiaga: kwamba maisha ni kuagana kwingi kulikochomelewa pamoja, na mtu mmoja ni mhunzi, mwingine sonara, na tofauti za namna hiyo hazina budi kuja. Ni lugha ya karakana. Dickens akalichukua neno la mhunzi akalifanya la mwisho wa Pip.

Nije kwako sasa. Unasema umeshindwa kumjibu mtoto kwa sababu ulimfanyia bibi yako kama Pip. Nadhani jibu unalo, ila unaona aibu kulitoa. Huhitaji kumtetea Pip mbele ya mwanao. Mweleze wewe ulifanya nini, kwa kiasi utakachoona kinafaa kwa umri wake. Kijana wa kidato cha tano anayesoma mbali na nyumbani ana Joe wake tayari, au atakuwa naye, na ni vema alisikie jambo hili kwa mtu anayempenda kabla halijamkuta.

Kuna mawili ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyamaliza. La kwanza ni dogo: kama kitabu hiki kinahusika na mtihani wake, amwone mwalimu wake wa fasihi na nakala mkononi, waafikiane ni toleo lipi linatumika, maana kujibu swali la mwisho mmoja kwa kunukuu mwingine kutampotezea alama bila sababu. La pili ni bibi. Hilo si la simu, na si la ujumbe wa maandishi. Pip alitembea hadi mlangoni. Ukiona uzito wa kuanza, tafuta mtu mzima wa ukoo mnayeaminiana, shangazi au mjomba, au kiongozi wako wa dini, akusindikize. Na ikiwa huzuni hii inakunyima usingizi au inakuzuia kufanya kazi zako, usiibebe peke yako, mwone mshauri nasaha au daktari ana kwa ana. Sikuahidi kwamba bibi atasema maneno ya Joe. Joe alisema Mungu anajua amesamehe, kama kuna la kusamehewa. Wazee wengine hawasemi hivyo. Huuliza tu umekula nini njiani.

Kama likizo bado haijaisha, nenda na mwanao. Mkiwa ndani ya basi msomeane sura ya 27, yeye awe Pip, wewe uwe Joe, na msiiruke ile kofia.